Matanga ya Boriti ya Mninga

Shemeji yangu Anselm alikufa mara mbili, na mara ya kwanza uji wa matanga niliupika mimi. Nalisema hili mapema asije akatokea mtu wa kuniambia sikuwapo. Nilikuwapo, na sufuria ilikuwa yangu.

Anselm alimwoa dada yangu Eustadia mimi nikiwa bado binti wa kutumwa kisimani. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, miguu ya upinde, na sauti ambayo akiitoa Mtendeni utaisikia ukiwa Kitete, upande wa pili wa mji wetu wa Tabora. Ujanani alibeba karai, baadaye akashika mwiko, mwishowe akawa mnyapara wa ujenzi. Uashi wenyewe, tuseme ukweli, haukuwa kipaji chake. Kuta zake zilisimama wima kwa sababu aliwasimamia watu waliomzidi ufundi. Kipaji chake yeye kilikuwa mdomo.

Mdomo aliurithi. Baba yake naye alikuwa mnyapara, ila wa wapagazi, siku zile kabla ya reli, watu walipotoka Tabora kwenda Pwani na pembe na nta vichwani. Mzee yule alikuwa akisema msafara hautembei kwa miguu, unatembea kwa maneno. Mpagazi anayeimba na kuchokozana na mwenzake hana nafasi ya kuisikiliza shingo yake, lakini anayenuna ndiye atakayetua mzigo porini na kukaa juu yake. Na ni katika njia hiyohiyo Wanyamwezi wenzake walijipatia watani kila walikopita, hasa Wazaramo, waliowapokea miguu imevimba, wakawapa maji kwa mkono mmoja na matusi kwa mkono wa pili.

Sasa Mungu naye ana mzaha wake. Fundi mkuu wa Anselm, mwashi hodari kuliko wote mjini, alikuwa Mzaramo. Jina lake Mabruki. Alikuja Tabora kwa treni kumsalimia mjomba wake, akaonja asali ya huku, akasahau kurudi. Basi asubuhi zao zilianza hivi:

"Mpagazi!" Mabruki anapaza sauti kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. "Bado hujatua mzigo?"

"Nitatua wapi na wewe umelala njiani? Kwenu mtu haamki mpaka nazi imwangukie."

"Afadhali nazi. Ninyi mkiona kitu chochote chini mnatafuta kata ya kubebea mkiweke kichwani. Juzi nimekukuta unalitazama jiwe la kusagia kwa mapenzi."

Hapo vibarua wote wamekwisha kucheka, hata yule aliyeamka na homa. Masolwa, kiongozi wa wabeba matofali, Msukuma aliyetoka upande wa Nzega, naye anapewa fungu lake: anaulizwa kama ameshawaaga ng'ombe wake kwa majina yote. Kisha unashangaa kuona matofali yanapanda, mkono kwa mkono, na hakuna aliyekumbuka kuanza kazi. Mimi niliuza uji na mihogo pale kazini kila siku, na naweza kuapa kwamba sikuwahi kumsikia Anselm akisema neno "fanyeni upesi".

Nami sikuachwa. Mdogo wa mke ni mtani, kwa hiyo aliniita "mke wangu mdogo" mbele za watu, akalalamika kwamba uji wangu ni mwepesi hata samaki angeweza kuishi humo. Nilimjibu ipasavyo. Majibu mengine siyaandiki.

Basi mwaka wa arobaini na tisa serikali ikaanzisha mafunzo ya wasimamizi wa ujenzi hapa mjini. Walichaguliwa wanyapara wachache, na Anselm akawa mmoja wao. Mwalimu alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi mpaka hakikunjiki. Hakumaliza sentensi bila kusema "kwa utaratibu", kwa hiyo wanafunzi wake wakambatiza Bwana Utaratibu, naye akalipokea jina hilo kwa utaratibu.

Sitaki mtu adhani nayadharau mafunzo yale. Anselm alijifunza mambo ya maana. Alijifunza kuchora ubao wa kazi, unaoonyesha kipi kitangulie na kipi kifuate, ili mabati yasije yakawasili wakati msingi haujachimbwa, wala mafundi wasikae kutwa wakitazamana kwa kungoja mchanga. Alijifunza kumpa kila mtu sehemu yake na kumwuliza habari ya hiyo tu. Jioni alitusimulia mimi na Eustadia mpaka ugali ukapoa. Walikuwa wakiigiza pia: huyu awe kibarua mvivu, yule awe msimamizi. Anselm alisema alimwiga kibarua mvivu vizuri mno hata Bwana akaandika kitu.

Lakini kulikuwa na somo moja lililomwingia kama mwiba. Bwana Utaratibu aliwaambia: msimamizi asimdharau mtu wa kazi yake, wala asikubali kudharauliwa naye. Maneno mazuri tu, hata padre angeyasema. Anselm akarudi nayo nyumbani akiyageuzageuza, akakaa kimya tangu saa ya chakula hadi ya kulala, jambo ambalo dada yangu alilichukua kuwa dalili ya malaria.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja akapewa jengo la kujaribiwa. Anselm akapewa kliniki ya akina mama na watoto kule Chemchem. Masharti yalikuwa wazi hata kwangu mimi muuza uji. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Paa likikaa kabla ya mvua za kwanza, kliniki ipo na Anselm ni msimamizi kamili. Mvua ikizikuta kuta uchi, zitarudi kuwa tope, na Anselm atarudi kubeba karai, mtu mzima na mvi zake.

Siku ya kwanza akafika Chemchem amevaa koti, chepeo nyeupe ya jua aliyopewa na mwalimu wake kichwani, na filimbi shingoni. Ubao wake ulikwisha kusimamishwa mlangoni, umechorwa vizuri, hakuna wa kuukosoa. Mabruki alipomwona alifurahi kwa moyo wote, maana mavazi yale yalikuwa chakula cha mwezi mzima.

"Mpagazi!" akapiga kelele. "Leo umebeba chungu kichwani? Kimepasuka au kina pombe?"

Watu wakashika mbavu tayari kwa jibu. Anselm akalivuta koti lake, akasema, "Habari za asubuhi, Fundi Mabruki. Tafadhali anzia kona ya mashariki."

Mabruki akageuka nyuma kutazama ni fundi gani mwingine anayeambiwa. Hakuwapo. Akakuna kidevu, akaanzia kona ya mashariki.

Nami zamu yangu ikafika saa ya uji. Nilimwambia kwamba leo nimeweka samaki wawili kabisa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Dada Flavia." Dada Flavia! Niliumia, sitaficha. Nilirudi kwenye jiko langu nikajiuliza nimemkosea nini.

Ikawa hivyo siku zilizofuata. Filimbi ya kuanza, filimbi ya uji, filimbi ya kumaliza. Nyumbani nako alichora ubao wa jikoni, maji yatangulie, kuni zifuate, mboga baadaye, akamwambia dada yangu kwa upole kwamba mchicha umechelewa. Eustadia alimsikiliza hadi mwisho. Kesho yake ubao ulikuwa umefunika mtungi wa maji, na ulifaa sana kwa kazi hiyo.

Pale Chemchem watu wakaanza kupooza. Hawakugoma, wala hawakuwa wavivu, na kila mmoja alifanya kile alichoambiwa, kisha akakaa kungoja kuambiwa kingine. Tofali likipita mkononi lilipita kimyakimya. Masolwa aliingiwa na hofu kwamba mnyapara ameambiwa awafukuze wote na sasa anaona haya kuwatazama usoni. Wengine walisema amefiwa na anaficha. Wengine walisema amerogwa na wanyapara wenzake huko darasani. Ukuta ambao kwenye ubao ulikuwa na juma moja ukala mawili, na vijana wawili watatu wakaaga kwamba wanakwenda kwao kutayarisha mashamba. Mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri upande wa mashariki, yanatutazama, yanatawanyika.

Siku moja nilimshika njiani tukirudi.

"Shemeji," nikasema, "una nini na sisi?"

"Sina kitu."

"Basi nitukane."

Akavua chepeo, na nikaona jasho limemchora mstari kwenye paji la uso.

"Flavia, mimi naogopa," akasema. "Miaka yote nimetukanwa hadharani na Mzaramo, nami nikamtukana. Bwana amesema msimamizi asidharau wala asidharauliwe. Siku atakayofika hapa akamsikia Mabruki ananiita mpagazi mbele ya watu, ataniona mimi ni mtu wa namna gani?"

"Ule ni utani, siyo dharau. Hata mtoto anajua."

"Mtoto wa hapa anajua. Mzungu atajuaje?"

Hapo nikakasirika. Nikamwambia kwamba ukuta hauli heshima, nikaongeza mwendo nikamwacha. Lakini usiku ule nilimwonea huruma.

Sasa, Mabruki naye alikuwa na yake moyoni. Kwa watu wa utani kuna sheria, na Mabruki aliijua kama Anselm alivyoijua sala ya Baba Yetu. Mtani hakasiriki. Ukimtania asikujibu, basi kuna neno moja tu lililobaki. Siku Anselm alipokwenda stesheni tangu alfajiri kupokea mabati, ili ayahesabu mwenyewe kama ubao ulivyoagiza, aliacha koti na chepeo bandani visichafuke. Mabruki alivitazama vile vitu viwili vimening'inia msumarini, kisha akatuita.

"Jamani," akasema, "mtu asiyejibu utani amekasirika au amekufa. Mtani wangu kukasirika hawezi, ni mwiko. Kwa hiyo amekufa. Na mimi nimekuwa mtani gani, kumwacha mwenzangu siku zote hizi bila kumzika?"

Masolwa alisema tuache, mnyapara atakasirika. Mabruki akamjibu kwamba akikasirika ni vizuri, tutajua yu hai.

Kazi ikasimama. Wakaenda kwenye rundo la mbao wakachagua maiti. Walipitia kadhaa, huku wakibishana kwa uzito wote, hadi wakaipata boriti moja ya mninga, nene, fupi kidogo kuliko nyingine.

"Ndiye huyu," Mabruki akasema. "Amenyooka, mgumu, na ukimsemesha hajibu."

Wakailaza kwenye ubao wa jukwaa, wakaifunika shuka la Masolwa, wakaweka chepeo juu ya kifua chake, kama kifua kilikuwepo. Mabruki akavaa koti la marehemu, kwa sababu kwenye msiba ni kazi ya mtani kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza. Akatembea mbele yetu na miguu ya upinde, akapuliza filimbi kwa mdomo mtupu, akasema, "Tafadhali, Fundi Mabruki, lia kuanzia kona ya mashariki." Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakoroga uji, maana matanga bila uji ni mkutano tu. Wakaanza kulia, kilio cha mzaha lakini kikubwa, cha watu wazima waliokuwa wamenyimwa kicheko kwa majuma.

Katikati ya kilio hicho gari likasimama. Akashuka Bwana Utaratibu.

Ubao ulisema kwamba juma hilo kenchi za paa ziko juu, naye alikuwa amekuja kuziona. Alichokiona ni watu wanaolia, shuka lililofunika kitu kirefu, na chepeo aliyoitoa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Akasimama. Akavua kofia.

"Nani amefariki?" akauliza.

Ulimi wa Mabruki, ambao ulikuwa haujapata kumtupa, ulimtupa siku hiyo. Alibaki kinywa wazi ndani ya koti la mwenzake. Macho yote yakamwendea Masolwa, na Masolwa, mtu mkweli hata anapodanganya, akasema:

"Ni mnyapara, Bwana."

"Anselm? Lini?"

"Tangu arudi mafunzoni, Bwana."

Yule Mzungu akawa mweupe zaidi. Nilitaka kusema, lakini ungeanzia wapi? Ungemwambia kwamba tunaizika boriti? Naye hakutungoja. Akasogea karibu na boriti, akaweka kofia kifuani, akakohoa.

"Mimi sijui desturi zenu za mazishi," akasema, "lakini nitasema kidogo, kwa utaratibu."

Hapo ndipo nilipomwona Anselm. Alikuwa ameingia kwa nyuma na mkokoteni wa mabati, shati limelowa jasho, ameganda ameshika mkono wa mkokoteni. Aliona watu wake wanalia. Aliona koti lake limevaliwa. Aliona mwalimu wake anahutubia boriti. Tulimwona sote isipokuwa huyo mwalimu. Kwa mkono wa pili Anselm alikuwa ameshika filimbi yake. Nikajua akiipuliza, watu hawa watatawanyika kwa aibu, wala hawatarudi, na kuta zile zitanyeshewa.

"Anselm alikuwa mwanafunzi wangu," Bwana akaendelea. "Ubao wake ulikuwa bora kuliko wote. Lakini sikumchagua kwa ajili ya ubao. Kabla ya mafunzo nilipita mahali alipokuwa akijenga, nikasimama nje. Nikasikia watu wanacheka, na ukuta unapanda. Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka kwenye majengo ya nchi hii na nilikuwa sijasikia kitu kama kile. Nikasema, huyu namtaka, afundishe wenzake jambo hili, maana mimi silijui. Kisha darasani hakucheka tena. Kila siku nilitaka kumwuliza kwa nini, lakini niliona si heshima. Sasa nimechelewa. Nasikitika sana."

Akainamisha kichwa. Alisikitika kweli, nami nikaona haya kwa ajili ya ule uji wangu.

Anselm akaiachia filimbi. Akaja taratibu na miguu yake ya upinde, watu wakampisha, akasimama upande wa pili wa maiti yake, akaitazama. Akamtazama Mabruki ndani ya koti. Midomo ikamchezacheza. Nilidhani analia.

"Mzaramo," akasema, kwa ile sauti ya kusikika Kitete. "Ni kilio gani hicho? Kwenu mnamlilia mtu mzima kama mbuzi aliyesahau mlango?"

Kofia ya Bwana ikaanguka.

"Na ninyi," Anselm akaendelea, "mmekosa nguo nyingine hadi mnifunike shuka la Masolwa? Linanuka zizi lote la Nzega! Mtu akifufuka akakutana na harufu hii si atakufa tena? Na wewe, mke wangu mdogo, uji wa msiba wangu nao ni maji?"

Sijui kueleza kilichofuata. Watu walirukaruka. Masolwa alilia machozi ya kweli, akamshika Anselm mkono akimwamkia salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwangaluka," ingawa jua lilikuwa utosini. Mimi nilimpiga mgongoni na mwiko wa uji. Mabruki ulimi ukamrudi, akadai kwamba msiba ulikuwa halali, gharama zimeingia, kwa hiyo mtani ana haki yake na anachukua chepeo. Akaivaa palepale. Hakuirudisha tena, ingawa Anselm aliidai mbele ya mashahidi.

Bwana Utaratibu alikaa juu ya matofali. Anselm akaketi karibu naye, akamweleza utani ni nini, tangu misafara ya baba yake, na kwa nini boriti ilikuwa imelala pale. Bwana alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza kama kuna kabila linaloweza kuwa na utani na Wazungu. Mabruki akamjibu kutoka juu ya jukwaa kwamba maombi yatafikiriwa, kwa utaratibu. Tukaona mabega ya yule mtu yanatikisika, na kumbe anacheka, tena bila sauti, kama mtu aliyejifunzia kucheka kanisani.

Kazi ikaanza alasiri ileile. Ubao uliwaambia kipi kitangulie, na matusi yakakivuta. Kenchi zikapanda kwa nyimbo za wapagazi ambazo Anselm aliachiwa na baba yake. Ile boriti ya matanga ikapewa nafasi ya heshima juu ya chumba cha kujifungulia, na mafundi wakaiita Marehemu. "Kamba kwa Marehemu!" "Gonga msumari kulia kwa Marehemu!" Mvua haikutungoja kwa wema wake, msidhani. Ilishuka mabati ya mwisho yakiwa bado mikononi, ikamega kona moja ya nyuma, ile ya mashariki kama mnataka kujua, na Mabruki aliijenga upya huku akisema ndiyo kona aliyoagizwa na maiti aanzie. Lakini kuta zilisimama.

Anselm akawa msimamizi kamili. Kila mafunzo mapya yalipoanza, Bwana Utaratibu alimwita aje kusema na wanyapara wageni. Kwanza alichora ubao, akahakikisha wameuelewa. Kisha aliuliza nani katokea wapi, na mwenye bahati mbaya ya kuwa mtani wake alikiona cha moto. Wanawake wengi wa Chemchem wamejifungua chini ya ile boriti, mimi nikiwa mmojawapo, na nilipopiga kelele mkunga aliniambia nisimwamshe Marehemu.

Mara ya pili alikufa kwa kifua, mwaka wa sitini, wakati wa mvua. Ilikuwa haraka. Eustadia alimshika mkono, mimi nikashika miguu yake ya upinde ambayo ilikuwa baridi tayari.

Makaburini padre alisali, jeneza likashushwa. Watu walipoinama kuchukua udongo, sauti ikasema, "Simameni!" Alikuwa Mabruki, mzee sasa, ana mkongojo, na kichwani amevaa chepeo ileile, imekuwa ya kahawia. Akasukuma watu hadi ukingoni mwa kaburi.

"Mnazika nani hapa?" akafoka. "Mnyapara tulishamzika zamani, yuko Chemchem ameshika paa. Huyu mpagazi ni nani? Mpagazi! Umetua mzigo bila kuagizwa?"

Watu wakatabasamu. Mabruki akatega sikio kuelekea chini, kama alivyozoea akiwa jukwaani. Akangoja. Sote tukangoja, na naapa kwamba mimi nilingoja kwelikweli. Mvua ilikuwa inagonga ubao wa jeneza. Nikaona kidevu cha Mabruki kinaanza kutetemeka.

Sikuweza kuvumilia. Nikapaza sauti kutoka upande wa wanawake, kubwa kadiri nilivyoweza:

"Mzaramo! Ni kilio gani hicho? Kama mbuzi aliyesahau mlango?"

Akageuka akaniona. Akacheka, na machozi yakamtoka akicheka. Kisha akavua chepeo, akamwomba Masolwa amshike mkono, akainama akaiweka juu ya jeneza. Akatupa mkongojo, akachukua jembe, akaanza kufukia.